Ng'ombe wa Chuma na Mifupa ya Ramli: Karagwe Inajifunza Nini kwa Wanahistoria wa China?

Mwanzoni mwa mwaka 1876 Henry Morton Stanley alifika Karagwe, na Omukama Rumanyika akamfungulia nyumba yake ya hazina. Katika kitabu alichokitoa miaka miwili baadaye, Stanley anataja alivyoviona humo: bata wa shaba, wanyama aliodhani ni pofu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki na vinginevyo. Aliviorodhesha kama karani wa forodha anayehesabu mizigo, akavishusha thamani kwa neno moja, kisha akaendelea na safari yake kuelekea Ujiji.

Basi, hivyo ndivyo historia ya sanaa ya Karagwe ilivyoingia kwenye maandishi. Aya moja ya mpita njia.

Mimi naishi na kufanya kazi huku. Wiki hii naandika bei ya kahawa Kayanga, wiki ijayo niko Murongo mpakani nahesabu malori. Lakini kuna swali ambalo halijaniacha kwa miaka kadhaa: wale ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, wembamba kama mstari wa kalamu, walio sehemu ya vifaa vya kifalme vya Karagwe, ni nini hasa? Ni sanaa? Ni zana za dini? Ni siasa? Na nani aliwafua? Ukiuliza Bweranyange, uliko mji wa kale wa wafalme, utapata jibu moja. Ukisoma vitabu utapata lingine. Ukienda makumbusho utakuta kibao chenye maneno kumi.

Msaada mkubwa niliupata mahali ambapo sikupatarajia, kwa wanahistoria wa China wa nusu ya kwanza ya karne ya 20. Najua, msomaji, unajiuliza China imeingiaje hapa. Siyo barabara, siyo TAZARA. Ni namna ya kusoma vitu. Wale watu walikuwa na tatizo letu lilelile: wafalme wa zamani sana, vyombo vizuri sana, hadithi ambazo wasomi walianza kuzicheka, na wageni wanaosema ustadi ule umetoka kwingine. Walichokifanya kuhusu tatizo hilo kilibadilisha kabisa jinsi sanaa ya nchi yao inavyosomwa, na sisi huku tuna la kuchukua na la kukataa.

Kutoka kabatini hadi shambani

Kwa karne nyingi wasomi wa China walipenda vyombo vya bronzi. Walivikusanya, walinakili maandishi yaliyochongwa juu yake, walibishana kuhusu herufi. Ulikuwa ujuzi mkubwa, lakini ulikuwa ujuzi wa kabatini. Chombo kilinunuliwa sokoni, kikasafishwa, kikawekwa mezani. Kilitoka kaburi gani? Kilikaa karibu na nini? Nani alilala pale? Mara nyingi hakuna aliyejua, na wengi hawakuuliza.

Mwaka 1902 Liang Qichao, mwandishi wa habari na mwanasiasa aliyekuwa uhamishoni Japani, aliandika kwamba historia za kale za nchi yake hazikuwa historia ya taifa. Zilikuwa orodha za koo za wafalme. Alitaka historia ya watu. Likumbuke hilo, tutalirudia tukifika Karagwe.

Kisha akaja Wang Guowei. Mwishoni mwa karne ya 19 wasomi walikuwa wametambua kwamba mifupa na magamba ya kobe yaliyokuwa yakifukuliwa mkoani Henan yana maandishi ya kale sana. Ilikuwa mifupa ya ramli. Mfalme wa nasaba ya Shang alipotaka kujua kama mvua itanyesha au kama vita vitakwenda vizuri, mfupa ulichomwa moto, nyufa zikasomwa, na swali likachongwa palepale. Mwaka 1917 Wang aliyachukua majina ya wafalme yaliyomo kwenye mifupa hiyo akayalinganisha na orodha iliyoandikwa na Sima Qian, mwanahistoria aliyeishi karibu miaka 1,000 baada ya nasaba hiyo kuanguka. Orodha zile zilikubaliana kwa sehemu kubwa. Wafalme waliokuwa wakidhaniwa ni hekaya wakawa watu.

Mwaka 1925, akifundisha Tsinghua mjini Beijing, Wang aliipa njia hiyo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita ushahidi wa pande mbili: upande mmoja karatasi, upande wa pili kitu kilichotoka ardhini. Kimoja kisimeze kingine. Viulizane.

Mwaka uliofuata, 1926, Gu Jiegang na wenzake walianza kutoa mfululizo wa vitabu vya kutilia shaka mambo ya kale. Hoja yake kubwa ni rahisi hata kuisimulia kijiweni: kadiri hadithi inavyosimuliwa na watu wa baadaye, ndivyo inavyorudi nyuma zaidi na ndivyo mashujaa wake wanavyozidi kuwa wakubwa. Hadithi inajengwa tabaka juu ya tabaka. Kazi ya mwanahistoria ni kuyabandua matabaka na kuuliza kila moja limewekwa lini na kwa faida ya nani.

Mwaka 1928 Fu Sinian alianzisha taasisi ya historia na lugha iliyokuwa na msimamo mmoja mkali: msomi asikae akisubiri vitabu vimfuate, anyanyuke akatafute ushahidi kwa mikono na miguu yake. Mwaka huohuo wakaanza kuchimba Anyang, makao ya mwisho ya wafalme wa Shang. Chini ya uongozi wa Li Ji walichimba misimu 15, hadi vita na Japani vilipowasimamisha mwaka 1937.

Hapa ndipo somo la sanaa lilipogeuka. Kwenye makaburi ya wafalme, katika miaka ya 1930, walikuta sanamu za marumaru za wanyama, zilizochongwa pande zote. Wapenzi wa vitu vya kale walikuwa wamekusanya bronzi kwa karne nyingi bila kujua kwamba watu wa Shang walichonga mawe namna ile. Soko halikuwa na sanamu hizo, kwa hiyo historia ya sanaa haikuwa nazo. Jembe ndilo lililoziingiza. Wakati huohuo Guo Moruo, akiwa uhamishoni Japani, alivipanga vyombo vya bronzi vya nasaba ya Zhou kwa kufuata maandishi yaliyo juu yake: hiki ni cha enzi ya mfalme fulani, hiki cha jimbo fulani. Baada ya hapo ukitazama umbo la chombo na mapambo yake, unaweza kusema kinakaa wapi katika mfululizo wa miaka. Uzuri ukapata tarehe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mtoto wa yuleyule Liang Qichao. Liang Sicheng alisomea usanifu wa majengo Marekani, akarudi China, na pamoja na mke wake Lin Huiyin wakaanza kuzunguka vijijini kutafuta majengo ya mbao ya kale. Wasomi wa Japani walikuwa wamesema wazi kwamba China haikubakiwa na jengo la mbao la enzi ya Tang. Ukitaka kuyaona, nenda Japani. Kwenye picha ya ukutani katika mapango ya Dunhuang kulikuwa na ramani ya milima mitakatifu ya Wutai ikionesha mahekalu. Wakaifuata. Mwaka 1937 walilifikia hekalu la Foguang, wakapanda kwenye dari kati ya vumbi na popo, na Lin ndiye aliyeona jina la mwanamke mfadhili limeandikwa chini ya boriti. Jina hilohilo lilikuwa limechongwa kwenye nguzo ya mawe nje, pamoja na mwaka: 857. Picha iliwaonesha njia, boriti ikawapa jina, jiwe likawapa tarehe.

Miaka 39 baadaye, mwaka 1976, Zheng Zhenxiang aliongoza uchimbaji wa kaburi moja Anyang ambalo wezi hawakuwahi kulifikia. Lilikuwa la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding. Mifupa ya ramli ilikuwa imeshamtaja zamani: aliongoza majeshi, alijifungua, aliugua. Sasa mwenyewe akaonekana na mamia ya vyombo vyake vya bronzi, jade zaidi ya 700, na makombe ya kauri kwa maelfu. Kauri, yaani simbi, zilezile ambazo wafanyabiashara wa pwani walizileta mpaka Kafuro, kituo chao hapa Karagwe, katika karne ya 19. Dunia ni ndogo kuliko tunavyofundishwa.

Ustadi umetoka wapi?

Turudi nyumbani. John Hanning Speke alifika Karagwe Novemba 1861, akapokewa vizuri sana na Rumanyika. Alimpenda kwa kweli. Lakini kitabu chake cha 1863 kilibeba nadharia iliyotuumiza kwa miaka 100: kwamba watawala wa eneo la maziwa makuu, Wahima na Wahinda, ni kizazi kilichotoka Uhabeshi, na kwamba chochote cha maana kilicholetwa huku kimeletwa na wao. Ukishaikubali hoja hiyo, kila kitu kizuri ukikiona unatafuta mlango kilipoingilia. Ng'ombe wa chuma? Lazima fikra imetoka kaskazini. Ufalme wenye adabu? Kaskazini. Mnyambo wa kawaida anabaki mbeba mizigo katika historia yake mwenyewe.

Wachina walipambana na jambo la namna hiyohiyo. Mwaka 1921 mtaalamu wa miamba kutoka Sweden, J. G. Andersson, alichimba Yangshao na kukuta vyungu vilivyopakwa rangi, vya kabla ya maandishi. Vilikuwa vizuri mno. Yeye na wengine wakaona vinafanana na vyungu vya magharibi mwa Asia, hivyo wakafikiri ufundi huo umetoka huko. Andersson alipanga pia mfuatano wa tamaduni ambamo ile ya Qijia, isiyo na rangi, ilitangulia Yangshao. Mwaka 1945 kijana mmoja, Xia Nai, alichimba makaburi ya Qijia mkoani Gansu na kukuta vigae vya Yangshao ndani ya udongo uliofukia kaburi. Fikiria kidogo: kama kigae kimo kwenye udongo wa kufukia kaburi, basi kilikuwepo kabla kaburi halijachimbwa. Yangshao ilitangulia. Mpango wa Andersson ukavunjika kwa vigae vichache. Xia Nai hakuhitaji hotuba ya uzalendo. Alihitaji kuangalia udongo kwa makini.

Huyo Xia Nai anatuhusu kuliko tunavyodhani. Alisomea London, na utafiti wake wa shahada ya uzamivu ulihusu shanga za Misri ya kale. Mwaka 1963 aliandika makala kuhusu kaure za China zilizopatikana Afrika kama ushahidi wa mawasiliano ya kale. Mortimer Wheeler, Mwingereza ambaye Xia aliwahi kuchimba chini yake akiwa mwanafunzi, alipotembelea pwani yetu mwaka 1955 alistaajabu wingi wa vigae vya China kwenye magofu, akasema kwamba kaure hizo zinaweza kutuandikia historia ya Tanganyika ya karne nyingi. Kuanzia 2010 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking walishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya huko Malindi na Mambrui.

Lakini tuwe makini hapa. Kaure inayopatikana Kunduchi ni ya China mpaka ilipoteremshwa kwenye jahazi. Mswahili alipoichukua bakuli ile akaipachika kwenye nguzo ya kaburi la mzazi wake, akaielekeza kwa wapita njia, alifanya jambo ambalo China halikuwapo. Bakuli ni lao, pambo ni letu. Mtu akisoma pwani yetu kupitia vigae vya China peke yake, atatusimulia habari za bandari za China na kutuacha sisi kama wateja. Kila elimu ina mahali inapokaa inapotazama, na hiyo ya Beijing nayo inakaa Beijing.

Mdomo na udongo

Sasa swali gumu. Wang Guowei alikuwa na karatasi upande mmoja na mifupa upande wa pili. Karagwe kabla ya Speke haina karatasi. Je, njia ya ushahidi wa pande mbili inatufaa?

Inatufaa, na imeshafanyika hapahapa Kagera. Mwaka 1970 Peter Schmidt, kijana wa Kimarekani, alikuwa Buhaya akisikiliza wazee wakisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, ambaye inasemekana aliamuru mnara wa chuma ujengwe ufike mbinguni ili ajue huko juu kukoje. Mnara ulianguka. Hekaya, siyo? Lakini wazee wa Katuruka walimwonesha mahali penye mti wa heshima unaoitwa Kaiija, na jina hilo lenyewe linamaanisha mahali pa kufulia chuma. Akachimba. Chini akakuta mabaki ya kazi ya chuma, na vipimo vya kaboni vikarudisha mkaa wake mpaka kama miaka 500 kabla ya Kristo. Wataalamu wamejadiliana sana kuhusu vipimo hivyo, na mjadala ni halali. Kilichobaki bila ubishi ni kwamba jina la mti na hadithi ya mnara vilimfikisha mchimbaji penye chuma cha kale. Mdomo ulionesha, udongo ukajibu.

Baadaye, mwaka 1976, Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya waliokuwa wameyeyusha chuma ujanani wajenge tena tanuri. Ilikuwa imepita miaka kama 50. Waliposahau hatua moja walibishana, wakakumbushana, wakajaribu tena. Maktaba yao ilikuwa mikononi.

Karagwe nayo imeandikiwa. Israel Katoke alitoa mwaka 1975 historia ya ufalme huu, kuanzia kama mwaka 1400 hadi 1915, akitegemea sana simulizi. Hamo Sassoon aliandika mwaka 1983 uchunguzi wa vifaa vya kifalme: ng'ombe wa chuma, nyundo na fuawe, na vinginevyo. Andrew Reid na Rachel MacLean walichimba huku, na mwaka 1995 wakaandika kuhusu chuma cha Karagwe na maana yake, wakiviweka vifaa vya ikulu na mabaki ya wahunzi kwenye sentensi moja. Tukivisoma vitu hivi kwa pamoja, ng'ombe wa chuma anaanza kusema. Ng'ombe ni mali ya wafugaji, ndiye kipimo cha utajiri na urafiki. Chuma ni kazi ya mhunzi, na bila jembe mkulima halimi. Mfalme akiweka hazinani ng'ombe aliyefuliwa kwa chuma, anatangaza kwamba pande zote mbili ziko mkononi mwake. Kaumbile kale kembamba, ambako Stanley angekapita haraka, kamebeba katiba ya nchi.

Nami kama msomaji wa fasihi naongeza upande wa tatu. M. M. Mulokozi aliwahi kuonesha, katika utafiti wake wa tendi za enanga za Wahaya, kwamba hizi nyimbo ndefu za mpiga zeze la ubao zina mpangilio, zina watunzi, zina hoja. Majigambo ya wafugaji wa ukanda huu yanataja pembe za ng'ombe, mkao wake, mlio wake, kwa ufundi wa ajabu. Mhunzi aliyezirefusha zile pembe za chuma kupita kiasi alikuwa akisikia mashairi hayohayo. Mimi naamini alikuwa anayafua. Mtu wa historia ya sanaa asiyesikiliza majigambo ataona ng'ombe aliyekosewa vipimo. Anayeyasikiliza ataona ng'ombe aliyesifiwa.

Shaka nayo ina kazi yake

Hata hivyo tusiweke simulizi kwenye kiti cha enzi. Hapa Gu Jiegang anatufaa. Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa Wahinda, anasimuliwa Karagwe, anasimuliwa Nkore, Ihangiro na Uzinza. Kila ufalme unamtaka awe wake, kila ufalme una orodha ya wafalme inayoanza naye. David Henige alionya mwaka 1974 kwamba orodha za namna hii, Afrika na kwingineko, zina tabia ya kurefuka pale urefu unapoleta heshima, haki ya ardhi au cheo mbele ya mkoloni. Na simulizi za ikulu zinasema kwamba kabla ya Ruhinda alikuwepo Nono wa ukoo wa Wasita. Wasita wenyewe walisimuliaje kushindwa kwao? Hilo tabaka limefunikwa.

Na sasa turudi kwa Liang Qichao na lawama yake ya 1902 kuhusu orodha za koo za wafalme. Hebu tazama tunavyovitaja vile vifaa: hazina ya Rumanyika. Simulizi zinamsifu Ndagara, baba yake, kuwa mfalme aliyejua kufua chuma. Huenda aliijua nyundo kweli; kwenye falme za ukanda huu mfalme na mhunzi wako karibu sana. Lakini nani alipuliza mivukuto? Nani alichimba udongo wa chuma, nani alikata miti ya mkaa? Hakuna jina hata moja la mhunzi wa kawaida lililobaki kwenye vibao. Tunamlaumu Stanley kwa kutomwona fundi, na sisi tunamfunika fundi kwa vazi la mfalme.

Hili kwangu siyo jambo la vitabuni tu. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kiutawala ni sawa, huduma zimesogea. Lakini ufalme wa zamani sasa una ofisi mbili za utamaduni, na kila moja inaweza kusema jambo hili ni la mwenzangu. Kyerwa ina bati. Watu wamelichimba tangu enzi za ukoloni, na watu wa miamba duniani kote wanalijua jina la Karagwe kwa sababu ya ukanda wa miamba uliopewa jina hilo. Mwaka 2019 jina la Rumanyika lilipewa hifadhi ya taifa, na Ibanda-Kyerwa ikawa hifadhi nyingine. Vizuri. Miamba yetu ina jina, swala wetu wana mlinzi. Wahunzi wetu bado hawana.

Na muda hauko upande wetu. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa mwaka 1983, na kwa miaka iliyofuata mkoa huu ulizika kizazi kilichopaswa kupokea maneno ya wazee. Schmidt aliporudi Katuruka miaka mingi baadaye, aliandika kwamba wengi wa waliokuwa walinzi wa simulizi hawakuwepo tena, na kwamba wanawake ndio walikuwa wamebaki na sehemu kubwa ya kumbukumbu, wanawake ambao mwanzoni watafiti hawakuwauliza sana. Wanakijiji wenyewe waliamua kupalinda mahali pale na kupafanya pa kutembelewa. Wao ndio waliokwenda kwa mikono na miguu.

Vitu vya Anyang navyo vilihama. Vita vilipowabana watafiti, masanduku yalisafirishwa kutoka mji hadi mji, na mwishoni mwa miaka ya 1940 mengi yakavuka bahari hadi Taiwan, yaliko mpaka leo. Sehemu ya vifaa vya Karagwe iko Dar es Salaam, vingine vilifika Ujerumani. Tofauti ni kwamba kila sanduku la Anyang lilikuwa na daftari: shimo namba fulani, kina fulani, kando ya kitu fulani. Kwa hiyo hata kikiwa mbali, kitu kinajua kwao. Ng'ombe wetu wengi hawana daftari. Daftari lao liko kwa bibi mmoja Nkwenda, kwa mzee mmoja Bweranyange, kwa fundi wa majembe asiyejua kwamba babu yake anahusika.

Nilipomuuliza mzee mmoja wa Kyerwa kama kwenye ukoo wao kulikuwa na wahunzi, alicheka kwanza. "Mwanangu," akasema, "mnakuja kuuliza wafalme tu. Wahunzi hamjawahi kutuuliza."

Kisha akaanza kutaja majina. Aliyataja saba, akaonesha kilima ambako watoto bado wanaokota mavi ya chuma wakichunga mbuzi. Sitayaandika hapa mpaka ukoo wake uniruhusu. Lakini yako kwenye daftari, na mbele ya kila jina nimeandika kijiji, kilima, na nani aliyeniambia. Ninaowaomba sasa ni walimu wa historia wa Karagwe na Kyerwa: kila mmoja na darasa lake, kilima chake, daftari lake. Mchimbaji atakapokuja na jembe lake siku moja, akute tumeshamtangulia kuuliza.